Msitu Wako Usionekane Pori: Kutunza Makazi ya Wanyamapori Shambani Kigoma

Wapo wakulima wa Uvinza na Kasulu wanaofyeka miombo isiyo na kazi kwao ili tu ionekane kwamba ardhi ina mwenyewe. Hofu hiyo ina msingi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu ardhi isiyotumiwa miaka 5 au zaidi kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Dawa yake si panga. Omba hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji, na msitu wako uingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Kisha weka alama za mipaka na utundike mizinga ya nyuki. Huo tayari ni utumiaji.

Anzia bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo hapo hupotezi shamba. Sokwe wa Masito na Ugalla huishi kwenye miombo ya wazi, lakini hutegemea sana misitu myembamba ya kando ya mito kwa chakula na viota. Ukanda huo wa msitu ukikatwa katikati, watapita kwenye mahindi yako.

Kupanda miche si lazima, na mara nyingi ni kupoteza fedha. Mtundu na miti mingine ya miombo huchipua yenyewe kwenye visiki. Kila kisiki kiachie machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka na kuachana, mengine yakate karibu na shina kwa panga kali. Kosa la kawaida ni kubakiza moja tangu mwaka wa kwanza: linarefuka bila kunenepa, upepo unalilaza, au mbuzi akilila hubaki na kitu. Punguza kidogo kidogo kila kiangazi, na matawi uliyokata yasirundikwe shinani, maana moto ukipita yataunguza kisiki chenyewe.

Moto ndio adui mkubwa. Ule wa Septemba huwa mkali, majani yakiwa makavu kabisa, na huua machipukizi. Safisha njia ya moto, yaani ukanda usio na majani wa kuuzuia moto, kuzunguka msitu Mei au Juni. Ukitaka kuichoma, pata kibali kwanza, uchome jioni upepo ukiwa umetulia, majirani wakiwapo.

Mizinga itundike kwa waya, si juu ya panda la mti, ili nyegere asiifikie. Waya upake grisi, siafu wasipande.