Ufunguo ndani, dereva nje: mlango wa lori unapojifunga

Mara nyingi huanza hivi. Dereva ameegesha lori pembeni ya barabara, injini inanguruma, anashuka nusu dakika tu kutazama tairi alilolisikia likipiga kelele. Upepo unausukuma mlango, au anausindika mwenyewe kwa mazoea. Kitasa kinalia tak. Akirudi na kuvuta mkono wa mlango, haufunguki. Kupitia kioo anauona mkungu wa funguo ukining'inia kwenye swichi, ukitikisika kwa mtetemo wa injini. Simu iko juu ya dashibodi. Kadi ya gari iko kwenye droo. Pembetatu za tahadhari ziko nyuma ya kiti.

Kufungiwa nje kwenyewe ni kero tu. Hasara huja katika robo saa inayofuata, dereva anapotaka kulimaliza jambo kabla bosi hajajua: anachomeka bisibisi kwenye ukingo wa mlango, anahangaika na waya, mwishowe anaokota jiwe. Kwa hiyo nianze na hiyo robo saa.

Zunguka lori kwanza. Jaribu mlango wa abiria. Nimeshuhudia watu wakitoa jasho upande wa dereva ilhali ule mwingine ulikuwa wazi. Kisha jiulize: handbreki niliivuta? Kwenye lori la breki za upepo, ukivuta handbreki upepo hutolewa na springi ndizo zinazobana magurudumu, kwa hiyo hata matangi yakiisha upepo gari halitaondoka. Ila kama huna hakika uliivuta, weka vigingi kwenye matairi upande wa mteremko kabla ya jambo lingine lolote, na usikae mbele wala nyuma ya gari.

Injini inayowaka inatisha zaidi ya inavyostahili. Dizeli isiyo na mzigo hunywa mafuta kidogo, na saa moja au mbili za kuunguruma si janga. Usiingie chini ya gari kuchomoa mipira. Usizime swichi kuu ya betri iliyo nje ukidhani utazima injini: huenda isizimike, na unaweza kuunguza alteneta pamoja na vifaa vya umeme. Mambo hubadilika lori likiwa ndani ya ghala au banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Hapo fungua milango yote ya jengo na watu watoke. Mwenye tela la baridi asitaharuki: jokofu la tela kwa kawaida lina injini yake, mzigo hauharibiki kwa sababu kabini imefungwa.

Kioo huvunjwa kwa sababu moja tu, nayo ni mtu aliye hatarini ndani: mtoto kwenye joto, au utingo aliyelala kitandani ambaye haamki kwa kugongewa. Acha kioo cha mbele. Hicho kina utando katikati, kitapasuka lakini hakitaanguka. Chagua kioo cha pembeni kilicho mbali na mtu huyo, kinga macho, na upige kwenye kona kwa kitu kigumu chenye ncha. Katikati kioo hupinda kidogo na kustahimili. Kumbuka pia kwamba dirisha la lori liko juu ya kimo chako. Aliyening'inia kwenye ngazi kwa mkono mmoja huku akipiga kwa mwingine ataanguka yeye kabla ya kioo.

Nje ya dharura hiyo, mwite fundi wa vitasa na umsubiri. Kabla hajagusa kitu, muulize bei na muulize atafunguaje. Njia ya kiungwana ni kuutanua ukingo wa juu wa mlango kwa kifuko kinachojazwa upepo, kisha kupitisha fimbo ndefu ya kubonyeza kitufe cha loki au kuvuta mkono wa ndani. Bati jembamba linalozamishwa kati ya kioo na mpira lilifaa magari ya zamani. Siku hizi ndani ya mlango kuna nyaya za vioo na za loki, na zikikatika bili yake ni ndefu. Anayefika na drili mkononi, akisema kitasa lazima kitobolewe, mwombe ajaribu njia nyingine kwanza. Fundi mzuri atakudai kitambulisho na hati za gari. Usichukie, asiyeuliza angemfungulia mwizi vilevile. Hati zikiwa ndani, mwenye gari athibitishe kwa simu na nakala zake.

Kinga yake ni ndogo kiasi kwamba watu huidharau. Ufunguo ukae mwilini: ukishuka, injini izimwe na ufunguo ushuke nawe. Ikibidi injini iwake, teremsha kioo kabla hujashuka na usiliache lori macho yako yasipofika. Pembetatu na vigingi vihamie kwenye boksi la vifaa lililo nje, na namba ya ofisi iwe kichwani, si kwenye simu peke yake.

Ufunguo wa akiba una ubishi wake. Kijisanduku cha sumaku chini ya chesisi sikipendi: huanguka barabarani, na wezi wanakijua. Ninachopendekeza ni ufunguo bapa wa kuchonga, usio na chipu. Kwenye lori lenye kinga ya kielektroniki ufunguo huo hufungua mlango lakini hauwashi injini, na ndiyo maana unafaa kukaa kwenye pochi au shingoni kwa utingo. Ujaribu siku ileile unapochongwa. Baada ya hapo utumie mara mojamoja, kwa sababu tundu la kitasa ambalo mwaka mzima linaachiwa rimoti hujaa vumbi na kutu, na siku betri ya lori ikifa ndilo mlango pekee uliobaki. Litie unga wa grafaiti. Grisi hukusanya vumbi. Rimoti nayo, ikianza kukulazimisha usogee karibu ndipo isikie, badilisha betri yake jioni hiyohiyo.

Ufunguo uliopotea ni kesi nyingine, kwa sababu kufungua mlango huwa ni nusu ya kazi. Fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari aufute kwenye kumbukumbu ya lori. Ukishafutwa hautawasha injini tena, lakini meno yake bado yatazungusha kitasa. Kama dereva hulala kabini, badilisheni na vitasa.