Mzee hakutambui ghafla? Msisubiri kesho: maswali na majibu

Nahudumia wagonjwa hapa Tanga mjini, na maswali haya ndiyo wanayoniuliza ndugu wanaowaleta wazee wao kutoka Ngamiani, Makorora, na wengine mbali zaidi, Pangani na Muheza. Wengi huja wamechelewa.

Dimenshia ni nini?
Ni ubongo kudhoofika kidogo kidogo mpaka kumbukumbu, maneno na maamuzi vinamponyoka mtu na hawezi tena kujiendeshea maisha yake. Chanzo kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer. Kingine ni mishipa ya damu ya ubongo iliyoharibiwa na presha, kisukari au kiharusi.

Kwa nini mama hakumbuki jina langu, lakini akiniona anatabasamu?
Kwa sababu uso na jina havikai mahali pamoja. Nyuso hutambuliwa na sehemu ya chini ya ubongo, zaidi upande wa kulia. Majina hutegemea zaidi upande wa kushoto, kwenye mambo ya lugha. Tena jina ni gumu kulishika. Ukiambiwa mtu ni mvuvi, utamkumbuka kwa ngalawa na nyavu zake, lakini jina lake ni sauti tu, halina cha kujishikiza. Ndiyo maana majina hutangulia kupotea. Zikifuata nyuso, huanza za watu wapya: mkwe wa juzi, wajukuu, jirani aliyehamia. Nyuso za zamani hubaki nyuma.

Hapo ndipo mama anapomwita mwanawe kwa jina la kaka yake yeye mama. Uso wa kaka yake anaoukumbuka ni wa ujanani, na kijana aliye mbele yake anafanana nao. Hajakukana, wala hajarogwa akuchukie. Hata jina likishapotea kabisa, ile raha ya kukaa na wewe huendelea kumkaa moyoni baada ya kusahau kwamba ulikuja.

Si kila mzee anasahau?
Mzee mwenye afya husahau jina la mtu asubuhi, likamjia baada ya magharibi. Hasahau kwamba ana mtoto. Uzee peke yake haumfanyi mtu asimjue mwanawe, naomba hili lisikike kila nyumba. Ukiona hivyo, hata kama hali imekuja polepole, mlete apimwe. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12 na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, huvuruga kumbukumbu, na vyote vina tiba.

Baba alikuwa mzima Ijumaa, Jumapili hamjui mtu. Dimenshia ndiyo imeanza?
Hapana. Dimenshia haimwingii mtu kwa siku mbili. Mpelekeni hospitali leo.

Mzee akichanganyikiwa ndani ya saa au siku chache, kuna kitu kinaushambulia ubongo sasa hivi: malaria, nimonia, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, kiharusi, au damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Na msidanganywe na mwili usio na joto, kwani mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea au maneno yakikatika, hapo hata saa moja ni nyingi.

Tulifikiri tumpe siku mbili tatu tuone.
Mnaona nini? Siku hizo tatu ndizo zinazoua. Kila mara nasikia, "Tulidhani ni uzee tu," na mgonjwa amelazwa kwenye kiti hajakojoa tangu jana. Leo, si kesho.

Hatuwezi kwanza kumpeleka akasomewe?
Sikatazi dua. Someni mkiwa njiani kwenda hospitali, someni pembeni ya kitanda chake wodini. Msimfungie ndani kwa kombe na ubani huku sukari inashuka.

Ana dimenshia tangu zamani, na wiki hii imezidi ghafla. Hilo si la kawaida?
Si la kawaida. Mwenye dimenshia ndiye anayevurugwa kwa urahisi zaidi na malaria au UTI, na mara nyingi hawezi kusema panapouma. Akibadilika ghafla, jibu ni lilelile: hospitali, leo.

Usiku halali, tunampa Piriton. Kuna ubaya?
Upo, acheni. Dawa hiyo huzuia kemikali ambayo ubongo huitumia kutunza kumbukumbu, na mwenye Alzheimer tayari anayo pungufu. Atalala, ndiyo, lakini ataamka amechanganyikiwa zaidi, mkojo unaweza kuziba, na akienda chooni anaweza kuanguka. Nyingi ya dawa za mafua za dukani zina dawa za jamii hiyohiyo. Duka la dawa si daktari wa babu.

Kumuuliza "Mimi nani?" kila siku hakumsaidii kukumbuka?
Hakumsaidii, kunamdhalilisha. Nimeona familia nzima imemzunguka bibi, kila mmoja anauliza, bibi anatetemeka midomo. Kaa mbele yake penye mwanga, umwamkie, kisha ujitaje mwenyewe: "Shikamoo mama, mimi fulani, mwanao wa pili, nimetoka Korogwe kukuona." Mkague na macho pia. Mtoto wa jicho humfanya mtu asitambue nyuso huku mnamsingizia akili.

Tukija hospitali tubebe nini?
Dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za dukani na za miti shamba. Aje mtu anayeishi naye, si mtoto aliyeshuka basi jana kutoka Dar es Salaam. Atuambie lini mzee alikuwa sawa mara ya mwisho, lini alianguka, na lini alikula, kunywa na kukojoa.