Masikio yanapovuma baada ya kelele kubwa: nini kinapona, na nini hakisubiri

Jumatatu asubuhi foleni ya kliniki ya masikio, pua na koo ina sura yake. Wapo vijana waliokesha kwenye kigodoro wakiwa wamesimama mbele ya spika. Yupo fundi aliyeshinda na grainda akikata geti la chuma ndani ya chumba kisicho na dirisha. Yupo dereva ambaye tairi la lori limempasukia karibu. Malalamiko yao yanafanana: masikio yameziba, sauti za watu ziko mbali, na ndani kuna mlio usiokoma.

Wengi huja wakiwa wameshajipa jibu. Kuna anayesema "itaisha tu", na huyu mara nyingi tunamwona baada ya miezi kadhaa. Na kuna anayesema "basi, nimeshakuwa kiziwi", huyu usingizi unakatika na chakula hakipandi. Wote wawili wanakosea, lakini kosa la yule wa kwanza ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu kuna mambo ambayo daktari anaweza kuyafanya katika siku za mwanzo na hawezi kuyafanya tena baadaye.

Sauti ikiingia sikioni hugonga kiwambo, kiwambo kinatikisa vifupa vitatu vidogo, na mtikisiko huo unafika kwenye koklea, kiungo kidogo kilichojikunja ndani ya mfupa wa kichwa na kujaa maji. Humo ndimo zilimo seli zenye vinywele ambazo hugeuza mtikisiko kuwa taarifa ya kupelekwa kwenye ubongo. Kila sikio huzaliwa na seli za ndani zipatazo 3,500 na za nje zipatazo 12,000. Ni hazina ndogo sana kwa kazi ya maisha yote. Kelele kubwa hupita juu ya seli hizi jinsi upepo mkali unavyopita kwenye shamba la mpunga: mashina mengine yanalala na asubuhi yanainuka, mengine yanavunjika na hayainuki tena.

Hapo ndipo ulipo msingi wa matumaini na wa tahadhari pia. Yaliyolala huinuka. Watu wengi wanaotoka kwenye muziki mkubwa wakiwa na masikio yaliyoziba hurudi katika hali yao ndani ya saa chache hadi siku mbili, na baada ya mshtuko mkubwa zaidi nafuu inaweza kuendelea kuja kwa wiki kadhaa. Seli zilizovunjika hazioti upya kwa binadamu. Kwa ndege huota. Watafiti waligundua katika miaka ya 1980 kwamba kuku aliyeharibiwa seli hizo huzirudisha. Tangu wakati huo maabara nyingi zinatafuta namna ya kuliamsha jambo hilo katika sikio la mtu, na mpaka sasa hakuna dawa ya duka la dawa wala ya miti shamba inayofanya hivyo. Atakayekuuzia dawa ya kuotesha seli za sikio anakuuzia maneno.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mtu alijue. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman, waliwapigia panya kelele ya kiasi cha kuwapunguzia usikivu kwa muda tu. Baada ya wiki chache vipimo vya panya hao vilirudi sawa na seli zenye vinywele zilikuwepo. Lakini walipotazama viungio kati ya seli hizo na mishipa ya fahamu, katika sehemu iliyopigwa zaidi hadi karibu nusu vilikuwa vimepotea. Kwa binadamu utafiti bado unaendelea, ila sisi tunaopima masikio tunawafahamu watu ambao chati yao ya usikivu ni nzuri na bado ndani ya daladala iliyojaa hawaelewi mwenzao anasema nini. Kwa hiyo mlio kukoma Jumanne hakumaanishi kwamba Jumamosi hakikutokea kitu.

Sasa, saa za kwanza. Ondoka kwenye kelele na ulipe sikio utulivu wa siku mbili au tatu: hakuna hedifoni, hakuna disko, hakuna grainda. Utulivu haumaanishi ukimya wa kaburini; mazungumzo ya kawaida nyumbani hayana shida. Usijipime kwa kuongeza sauti ya redio ili uone kama umepona. Na usiweke chochote ndani ya sikio. Nasisitiza hili kwa sababu karibu kila familia ina dawa yake: mafuta ya nazi ya vuguvugu, maji ya kitunguu saumu, matone yaliyobaki tangu mtoto alipoumwa. Tatizo liko ndani ya mfupa, na hakuna kati ya hivyo kinachofika huko kwa manufaa. Lakini kama kiwambo kimetoboka, baadhi ya matone yanaweza kupenya hadi sikio la ndani na kuliharibu. Matone yenye gentamaisini, ambayo hupatikana kirahisi, ni mojawapo. Vijiti vya pamba navyo viache.

Kiwambo hutoboka zaidi kwa mlipuko. Wakazi wa Dar es Salaam wanaokumbuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, maghala ya silaha yalipolipuka, wanajua mgandamizo ule wa hewa unavyopiga kifua na kichwa. Dalili ni maumivu makali ya ghafla, damu au majimaji sikioni, na usikivu kushuka. Inatisha, lakini tundu la namna hii mara nyingi hujifunga lenyewe ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache, mradi libaki kavu. Unapooga weka pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka kwenye mlango wa sikio, usiisukume ndani, na usiogelee. Lisipojifunga, upasuaji wa kuliziba upo.

Kuhusu muda wa kufika hospitali, nitakuwa mkali kidogo. Kama usikivu umeshuka wazi, hasa sikio moja, au mlio haujapungua baada ya siku mbili, usisubiri wiki iishe. Kama una kizunguzungu cha dunia kuzunguka, au upande wa uso umelegea, nenda siku hiyo hiyo. Daktari anaweza kuamua kukupa dawa za steroidi, yaani za kutuliza uvimbe wa ndani, za kumeza au za kuchomwa nyuma ya kiwambo. Kwa wale ambao usikivu umewapotea ghafla bila sababu inayojulikana, dawa hizi hupendekezwa zianze ndani ya wiki mbili, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo bora. Kwa madhara ya kelele ushahidi wake ni mwembamba zaidi, na sitamwahidi mtu kwamba zitamrudishia kila kitu. Ila huo uamuzi wa kuzitumia au kuziacha hauwezi kufanywa kwa mtu ambaye hajaja. Usizinunue mwenyewe: kwa mwenye kisukari, shinikizo la damu au vidonda vya tumbo zinaweza kuleta balaa jingine.

Kwenye kipimo utakaa kwenye chumba tulivu, utavaa hedifoni na kubonyeza kitufe kila usikiapo sauti, hata iwe ndogo namna gani. Haiumi. Matokeo huchorwa kwenye chati, na kelele huacha alama yake hapo: mstari hushuka kwenye sauti nyembamba, mara nyingi karibu na hezi 4,000 (hezi hupima wembamba wa sauti), kisha hupanda tena kidogo. Sauti nzito zikiwa salama, mtu hujiona anasikia. Husema, "Nasikia watu wanaongea, ila maneno siyakamati." Herufi kama s, f, t na ch zimebebwa na sauti hizo nyembamba; sokoni akiambiwa elfu sita anaweza kutoa elfu tisa, na nyumbani anaambiwa ana kiburi kwa kuwa haitiki. Nimeona ndoa zikiingia doa kwa jambo ambalo chati moja ingelieleza.

Kipimo cha kwanza si hukumu. Tunarudia baada ya wiki chache, kisha tena baada ya miezi michache, kwa sababu sikio linaweza kuwa bado linajirekebisha.

Mlio wenyewe una maelezo yake. Wapo wanaoambiwa wanasemwa vibaya mahali, wapo wanaopelekwa kuombewa kwa kudhaniwa wana mashetani. Mlio huu hutoka mwilini mwako. Koklea ikipunguza taarifa inazotuma, ubongo hujaribu kufidia kwa kuongeza usikivu wake wa ndani, na kinachosikika ni shughuli ya mishipa ya fahamu yenyewe. Hata mwenye masikio mazima anayo. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaweka watu wazima 80 wenye usikivu mzuri ndani ya chumba kisichopitisha sauti kwa dakika chache, na karibu wote walisema wamesikia mlio, mvumo au sauti ya namna fulani.

Ndiyo maana usiku ndio mgumu. Mchana sauti za mtaa zinaufunika mlio, usiku hakuna cha kuufunika. Ushauri wangu wa kwanza kwa mgonjwa ni kuacha kulala kwenye ukimya: feni, redio kwa sauti ya chini kabisa, au sauti ya mvua kwenye simu iliyowekwa mezani, si sikioni. Iwe chini kidogo ya mlio, usiuzamishe. Ubongo ukisikia mlio pamoja na sauti nyingine zisizo na maana, polepole huuweka kwenye kundi la mambo yasiyohitaji kuangaliwa. Kazi hii huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Hofu huichelewesha, kwa kuwa kitu unachokiogopa ubongo haukiachi.

Kwa mlio uliomtesa mtu muda mrefu, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, inayomfundisha kubadili namna anavyoufikiria na kuukabili. Haiondoi sauti, inaondoa mateso, na wengi wanarudi kulala na kufanya kazi. Mwenye upungufu wa usikivu hupewa kifaa cha kusaidia kusikia, na wengi hushangaa kuona mlio nao umepungua, kwani ubongo umepata tena sauti ulizozikosa. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri mlio usitibiwe kwa ginkgo (dawa ya mmea), zinki, melatonini wala virutubisho vingine. Fedha za vidonge hivyo ziweke kwenye kipimo na kifaa. Na kama mlio unakufanya uone maisha hayana maana, mwambie daktari hivyo hivyo, bila kupunguza. Mlio wa sikio moja tu, au unaopiga pamoja na mapigo ya moyo, nao unahitaji uchunguzi wake, maana chanzo chake kinaweza kuwa kingine kabisa.

Baadhi hupata kero ya kinyume: sufuria ikianguka, sikio linauma. Wanaanza kutembea na vizibo mchana kutwa. Usifanye hivyo. Sikio linalokoseshwa sauti za kawaida huzidi kuwa jepesi kushtuka. Vizibo ni vya mahali penye kelele kweli.

Na kelele kweli ni ipi? Kikomo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, na ukifika 100, ambako grainda na spika za ukumbi hufika bila shida, umebaki na dakika 15. Bila kifaa cha kupimia, tumia kanuni hii: kama inabidi upaze sauti kuzungumza na mtu aliye umbali wa mkono, hapo si salama. Pamba ya kawaida haizuii vya kutosha. Kizibo cha sponji hufanya kazi kikivaliwa sawasawa: kizungushe vidoleni mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa ulivute sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie mpaka kijae. Wengi wanakibandika mlangoni tu na kujiona wamejikinga.

Aliyeumia kazini ana la ziada la kufanya. Usirudi kwenye mashine ile ile kabla ya kupimwa, na mweleze mwajiri kwa maandishi. Kwa Tanzania, usalama mahali pa kazi unasimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unashughulikia magonjwa na ajali zitokanazo na kazi. Madai yanahitaji ushahidi, hivyo omba nakala ya kila chati, pamoja na ile ya siku ya kwanza, uitunze. Fundi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumwandikia, lakini naye chati hiyo anaihitaji: ndiyo tutakayoilinganisha na ya mwaka ujao kujua kama sikio limesimama au bado linashuka.