Slaidi haiishi chaji

Nimesikia tena, kwa mara ambayo sasa siwezi kuihesabu, mtu akieleza kwamba DNA haikushika kwenye slaidi yake kwa sababu slaidi "imeisha chaji". Kauli hiyo inaingia masikioni kwa urahisi mno, na ndiyo maana inapita bila kusahihishwa.

Chaji ya uso ni ziada ya umeme, chanya au hasi, iliyoko juu ya eneo la kioo, dhahabu au silikoni. Katika mikroarei (slaidi zenye matone mengi ya DNA ya kupimia) na vihisi vya DNA, nyuzi fupi za DNA hupandikizwa juu ya uso huo, na nyuzi zilizomo katika kimiminika huja kuoana nazo, A kwa T na G kwa C, yaani herufi za DNA, ambazo kila moja hubebwa na kiungo kiitwacho nyukleotidi. Uti wa DNA umejaa fosfeti zenye chaji hasi, takriban 24 kwa uzi wa nyukleotidi 25, kwa hiyo uso chanya huuvuta uzi unaokuja na uso hasi huusukuma.

Linalotutatiza ni neno lenyewe. Chaji limetujia kutoka Kiingereza, nacho kililitwaa kutoka Kifaransa cha kale, ambako maana yake ilikuwa kupakia mzigo, na shina lake la Kilatini ni gari la kukokotwa. Watafiti wa umeme wa karne ya 18 waliuona umeme kama kitu kinachopakiwa chomboni, na Benjamin Franklin akaanza, mwaka 1747, kuuita chanya na hasi. Sisi tulilizoea zaidi kwa betri na simu, likiwa bado na maana ile ya kujaza: simu imeisha chaji, ipeleke kibandani. Lakini betri iliyojaa, ukiichukua kwa ujumla wake, haina ziada ya chaji yoyote; kilichojaa ndani yake ni nishati. Uso wa slaidi hauna akiba ya namna hiyo ya kuisha. Una alama, yaani chanya au hasi, na alama inaweza kugeuka.

Itazame slaidi moja ya kioo. Ndani ya maji yasiyo asidi wala besi uso wake ni hasi. Ikipakwa poli-L-lisini, molekuli ndefu yenye amini nyingi (vikundi vyenye chaji chanya), inakuwa chanya, na matone ya DNA yanayochapwa juu yake yananata. Kisha amini zilizobaki wazi huzibwa kwa anhidridi ya suksiniki, ambayo huacha vikundi vya kaboksili, navyo ni hasi. Slaidi ileile imebadili alama mara mbili, wala hakuna aliyeichomeka popote. Hatua hiyo ya mwisho ikirukwa, nyuzi zisizolingana, zilizotiwa rangi ing'aayo, nazo zitanata, na slaidi nzima itang'aa chini ya skana. Kunata na kuoana ni mambo mawili, na chaji chanya nyingi husaidia lile la kwanza kuliko la pili.

Aidha, nyuzi zilizopandikizwa ni hasi zenyewe, kwa hiyo zikisongamana sana humsukuma mgeni hata kama kioo kilicho chini yao hakina neno. Hapo ndipo chumvi inapofanya kazi, kwa kuwa ioni za sodiamu huzizunguka fosfeti na kuufupisha mkono wa chaji, yaani umbali inaofikia nguvu yake: katika chumvi ya molari 1 (molari ni kipimo cha ukolezi) unafika nanomita 0.3 hivi, na katika milimolari 10 unafika nanomita 3. Ndiyo sababu tunaoanisha katika bafa ya chumvi iitwayo 5×SSC, yenye sodiamu kloridi molari 0.75, halafu tunasuuza kwa chumvi kidogo ili nyuzi zilizooana vibaya ziachane. Kihisi cha transista, kile kinachosoma DNA kwa umeme, kiko katika mtihani mgumu zaidi, maana kinapima chaji ya DNA yenyewe, na chumvi inayosaidia nyuzi kuoana ndiyo inayokifichia chaji hiyo.

Kwa hiyo mwenzangu, slaidi yako ikikataa kushika, usiseme imeisha chaji. Sema uso ulikuwa wa alama gani, nyuzi zilisongamana kiasi gani, na chumvi ilikuwa molari ngapi.