Upendeleo wa sampuli: majibu ni mengi, lakini ni ya nani?

Mwanafunzi wa chuo mjini Mtwara ametengeneza dodoso la mtandaoni kuhusu matumizi ya kompyuta mkoani kwake, akarusha kiungo kwenye magrupu ya WhatsApp, akapata majibu 200. Kati yao, 130 wanatumia kompyuta. Anaandika: "Asilimia 65 ya wakazi wa Mtwara wanatumia kompyuta." Hesabu haina kosa, ila sentensi hiyo haiwezi kusimama, kwa sababu ya kile wanatakwimu wanachokiita upendeleo wa sampuli.

Sampuli ni wale wachache unaowauliza kwa niaba ya wengi. Huingiwa na upendeleo pale njia ya kuwapata inapovuta watu wa aina fulani na kuwaacha wengine. Hapa tatizo ni kubwa zaidi, maana njia imefungamana na jambo lenyewe linaloulizwa: dodoso la intaneti halimfikii mkulima wa korosho wa Tandahimba mwenye simu ya kitochi, na huenda yeye ndiye angejibu "hapana". Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,634,947 mkoani Mtwara. Wangapi kati yao wamo kwenye magrupu yale?

Wingi wa majibu hauponyi ugonjwa huu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kuwa Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, yaani wenye uwezo wa enzi hizo, tena waliorudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza.

Wachambuzi hujaribu kurekebisha kwa kuyapa majibu uzito, yaani kila kundi lihesabiwe kulingana na sehemu yake halisi katika jamii. Tuseme majibu 150 yalitoka mjini, 120 yakiwa "ndiyo", na 50 vijijini, 10 yakiwa "ndiyo". Tuseme pia watu 7 kati ya 10 mkoani wanaishi vijijini (idadi halisi utaichukua kwenye sensa). Asilimia 80 ya mjini unaizidisha kwa 0.3, asilimia 20 ya vijijini kwa 0.7, unajumlisha: asilimia 38. Majibu ni yaleyale, picha ni nyingine kabisa. Hata hivyo, wale 50 wa vijijini nao walipatikana kwa intaneti, kwa hiyo hata 38 yaelekea iko juu. Hakuna fomula inayomrudisha mtu ambaye hakuulizwa. Inabidi kumfuata kijijini, kwa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu.

Swali nalo liangaliwe. Kijana wa Newala anakwenda steshenari, anamtajia mhudumu taarifa zake, anajaziwa maombi ya mkopo wa chuo, anaondoka bila kugusa kibodi. Je, ametumia kompyuta? Afadhali kuuliza: "Katika siku 7 zilizopita, umetumia kompyuta wewe mwenyewe?" Kisha swali la pili: kuna mtu aliyeitumia kwa niaba yako?

Na kama nauli ya kwenda vijijini haipo, ripoti iseme hivi: "Kati ya watu 200 waliojibu kupitia magrupu ya WhatsApp, 130 wanatumia kompyuta." Takwimu hizo bado zinafaa kueleza watumiaji hao wanafanyia nini kompyuta na wanakwama wapi.