Viongozi wa chama kikuu cha ushirika mnawachagua nyie wenyewe, tena pale pale kijijini

Msimu wa korosho ukifunguliwa tu simu za maofisi yetu ya usimamizi wa ushirika hazipumziki. Mmoja analalamika makato, mwingine pesa ya mnada wa wiki iliyopita hajaiona kwenye akaunti, mwingine anasema mizani ya AMCOS yao, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ina walakini, na karibu wote wanamalizia na ombi lile lile, kwamba serikali iwaondolee hao viongozi wa chama kikuu. Ndio maana nimeona niandike kuhusu hii timu ya uongozi, yaani bodi, mwenyekiti wake na menejimenti inayokaa juu ya AMCOS za wilaya kadhaa au mkoa mzima, kwa sababu wakulima wengi wanaijua kwa kuilaumu tu ila namna inavyoingia madarakani hawaijui, na namna ya kuitoa ndio kabisa. Naongea kwa ujumla. Simsemi mtu wala chama chochote, na kama una shauri lililoko kwenye uchunguzi hapa silitolei maoni.

Chukua TANECU ya Tandahimba na Newala, au RUNALI ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, au KNCU kule Kilimanjaro. Hivi ni vyama vikuu, na mwanachama wa chama kikuu ni AMCOS, wewe mkulima ni mwanachama wa AMCOS. AMCOS inapeleka wawakilishi, wawakilishi wakikaa pamoja ndio mkutano mkuu wa chama kikuu, na hapo hakuna mtu wa juu yao ndani ya chama. Wao ndio wanaichagua bodi, wanapitisha bajeti, wanapitisha posho za wajumbe wa bodi, wanasikiliza ripoti ya mkaguzi. Bodi nayo inaajiri meneja, mhasibu na watumishi wengine kwa kufuata miongozo ya Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika. Kwa hiyo meneja ni mwajiriwa, analipwa mshahara na anaweza kufukuzwa kazi, mjumbe wa bodi hana mshahara ana posho, na akija kijijini akakwambia "mimi ndio chama" muulize wawakilishi gani walimpa chama.

Sasa niseme ninachokiona kwenye mikutano ya AMCOS, maana hapa ndio penye tatizo na watu hawapaangalii. Mkutano umeitwa saa tatu, unaanza saa tano, darasa la shule ya msingi limejaa mpaka madirishani. Ajenda ya malipo inachukua masaa mawili watu wanasimama wanafoka, ajenda ya pembejeo inachukua lisaa lingine, salfa ya kupulizia mikorosho imechelewa, salfa haikutosha, fulani kapewa mifuko mingi. Ikifika saa nane njaa imeshika watu wanaanza kutoka mmoja mmoja, na ajenda ya kuchagua wawakilishi wa kwenda chama kikuu imewekwa karibu na mengineyo. Wamebaki watu wachache mstari wa mbele. Mtu anasema "waende walewale wa mwaka jana", wengine wanaitikia, katibu anaandika, mkutano umefungwa. Imechukua dakika tano. Na hizo dakika tano ndio zimeamua nani atapiga kura kwenye mkutano mkuu wa chama kikuu, nani atakaa kwenye bodi, nani ataidhinisha mkopo wa vifungashio wa mkoa mzima. Halafu Novemba watu walewale walioondoka saa nane wanaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba bodi imewekwa na wakubwa. Imewekwa na nani wakati mlikuwepo?

Inauma kwa sababu linazuilika. Ukiona akidi haijatimia, una haki ya kusimama na kuhoji kabla uamuzi haujapita, na mwenyekiti anatakiwa kuhesabu watu. Idadi ya akidi imeandikwa kwenye masharti ya chama chenu. Uamuzi uliofanywa bila akidi hausimami, na sisi tukiletewa muhtasari wenye saini za mahudhurio pungufu tunaurudisha. Vile vile mnaweza kuomba mwanzoni mwa mkutano ajenda ya wawakilishi isogezwe juu, mkaimaliza wakati darasa bado limejaa.

Hili la "ushirika ni wa serikali" naelewa limetoka wapi, halijaanza jana. Wachaga waliokuwa wanalima kahawa walianzisha chama chao cha KNPA mwaka 1925, ikaja kuwa KNCU mwaka 1933, na kanda ya ziwa wakulima wa pamba wakaunda vyama vyao chini ya kina Paul Bomani miaka ya 1950. Wale viongozi walitoka kwa wakulima na wakulima waliwajua. Lakini mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu, kazi ya kununua mazao ikaenda kwa mamlaka za mazao, huku kusini wazee mpaka leo wanaikumbuka CATA ya korosho. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama lakini kwa muda mrefu viliendeshwa kwa maelekezo kutoka juu, sasa kizazi kizima kikakua kinaona ushirika ni ofisi ya serikali inayonunua korosho. Hiyo imepita. Sheria inayotumika ni Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013, na ndio iliyoianzisha Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo mtendaji wake mkuu ndiye Mrajis. Tume inasajili, inasimamia, inakagua na inachukua hatua. Haimiliki chama chenu, haina hisa humo, na haiwezi kuwachagulia mwenyekiti.

Kwa sababu hiyo mtu akiniambia "mtuondolee bodi" huwa namuuliza kwanza nyie mmefanya nini. Mkutano mkuu unaweza kumuondoa mjumbe wa bodi au bodi nzima, hauhitaji ruhusa ya mbunge wala mkuu wa wilaya. Mkutano mkuu maalumu unaweza kuitwa na bodi, na kama bodi haitaki, wanachama wa idadi iliyotajwa kwenye masharti wanaandika barua ya kuutaka, wanaorodhesha majina, namba za uanachama na saini, wanataja ajenda, wanapeleka kwa bodi na kopi kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Kopi iliyopokelewa igongwe muhuri na iandikwe tarehe, usiache barua mezani ukaondoka. Mrajis naye ana uwezo wa kuitisha mkutano wakati chama kimekwama. Ila kwenye chama kikuu wanaosaini hiyo barua ni AMCOS wanachama kupitia mihtasari ya mikutano yao, mkulima mmoja mmoja hata mkiwa elfu mbili haihesabiki kama barua ya wanachama, na hili tunalirudia kila msimu na kila msimu tunaletewa makaratasi ya saini za watu binafsi.

Kuhusu nani agombee. Awe mwanachama hai aliyelipa hisa na kiingilio, anayeuza mazao yake kupitia chama, asiwe na deni la chama alilokataa kulipa, asiwe amewahi kutiwa hatiani kwa wizi au udanganyifu. Kiongozi wa kisiasa wa kuchaguliwa haruhusiwi kukaa kwenye bodi, diwani mnaempenda abaki udiwani. Na mtu anayefanya biashara inayoshindana na chama haruhusiwi pia. Hapa naomba mnisikilize vizuri: mnunuzi wa kangomba, yule anayewakopesha hela ya ada mwezi wa saba ili mje mumpe korosho kwa bei ya hasara mwezi wa kumi, hawezi kuwa mwakilishi wenu kwenye chama kikuu. Mnamjua nyie, sisi hatumjui, kwenye fomu ameandika ni mkulima. Pingamizi linawekwa wakati wa usaili wa wagombea, kwa maandishi na ushahidi. Ukisubiri mpaka ameshachaguliwa, njia inakuwa ndefu sana.

Kitu kingine ambacho naona hakiulizwi kabisa ni ukomo wa madeni. Kila mwaka mkutano mkuu unapitisha kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, kinapelekwa kwa Mrajis kupata kibali, ndipo bodi inaweza kwenda benki. Mkopo wa magunia, wa kusafirisha, wa pembejeo, yote inahesabiwa humo. Bodi ikikopa zaidi ya ukomo imevunja sheria, na wajumbe watatakiwa kujieleza wao wenyewe. Hoja ya "tulikuwa na haraka msimu umeanza" haipokelewi. Mwakilishi wenu akirudi kutoka mkutano mkuu swali la kwanza lisiwe posho alipewa shilingi ngapi, muulizeni ukomo wa madeni umepitishwa kiasi gani, mwaka jana ulikuwa kiasi gani, na deni la nyuma limebaki ngapi. Atawajibu au hatawajibu, mtajua aliendaje kule.

Makato nayo hivyo hivyo. Ushuru wa mazao ni wa halmashauri, tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara, bodi haiupangi na haiwezi kuufuta kwa hiyo msiilaumu kwa huo. Makato ya AMCOS na ya chama kikuu ndio yanayopitia kwenye mikutano yenu. Kwa kawaida korosho ikitoka kwenye mizani ya AMCOS inaenda ghala kuu, inauzwa mnadani, pesa inapita kwenye vyama kabla ya kufika benki kwako, na kila hatua ina karatasi. Risiti ya mizani ina jina, tarehe na kilo. Itunze, hata ile iliyolowa ianike.

Hesabu zinakaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na ripoti ya ukaguzi lazima isomwe mbele ya mkutano mkuu. Hati ikiwa yenye mashaka au isiyoridhisha, wawakilishi wana haki ya kuomba hoja zisomwe moja moja na bodi ijibu, sio kupitishwa kwa makofi. Inapoonekana kuna upotevu Mrajis anaagiza uchunguzi, wahusika wanapewa nafasi ya kujieleza kwa maandishi, wakishindwa wanaweza kuamriwa kurudisha pesa, kuondolewa uongozi, na jalada likaenda Polisi au TAKUKURU na baadae mahakamani. Asiyeridhika na uamuzi wa Mrajis anakata rufaa kwa Waziri. Na kujiuzulu hakumuokoi mtu. Kiongozi akitoka anatakiwa kukabidhi kwa maandishi vitabu, mihuri, funguo za ghala na nyaraka za benki, na watia saini wa akaunti wabadilishwe haraka iwezekanavyo, kwa sababu kuna bodi zimeondolewa na aliyeondolewa akabaki na saini hai benki. Alichokifanya akiwa madarakani kinamfuata hata baada ya kutoka.

Jamani hili jambo mimi nalichukulia kwa uzito kwa sababu pesa inayopita kwenye mikono ya watu hawa wachache ni ada za watoto, ni bati, ni chakula cha Januari mpaka Machi. Aprili 2025 imezinduliwa Benki ya Ushirika pale Dodoma na vyama vyenu ni wanahisa humo, kwa hiyo maamuzi ya bodi yanazidi kuwa makubwa, wakati wawakilishi bado wanachaguliwa kwa dakika tano za saa nane mchana.

Malalamiko yanaanzia kwenye bodi ya AMCOS, halafu kwa Afisa Ushirika wa wilaya, halafu Mrajis Msaidizi wa mkoa. Sio kwamba tunawazungusha, ila ukiruka ngazi jalada linarudishwa chini kwanza na umepoteza wiki. Andika jina la AMCOS, namba yako ya uanachama, tarehe ya tukio na kiasi cha pesa, ambatanisha risiti na muhtasari wa mkutano unaohusika. Muhtasari unaombwa kwa katibu meneja wa AMCOS yako, ni haki yako kuusoma. Ukinyimwa, andika tarehe uliyoomba na cheo cha aliyekunyima, hilo nalo tunalipokea kama lalamiko linalojitegemea.