Karma ni tendo: neno la Kisanskriti na sarufi yake

Siku hizi mdhulumaji anapofikwa na balaa, watu husema "hiyo ni karma", wakikusudia adhabu au malipo. Kwa sisi tunaofundisha sarufi ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, maana hiyo imeruka hatua muhimu, kwani neno lenyewe kwa asili humaanisha tendo, na malipo ya tendo yana jina lake, phala, yaani tunda.

Mzizi wake ni kṛ, "kutenda", ambao hupanuka kuwa kar na kupokea kiambishi -man kinachounda nomino, kama vile jan, "kuzaliwa", inavyotoa janman, "uzazi". Shina basi ni karman, nalo ni la jinsi isiyo ya kiume wala ya kike. "Karma" tuliyoizoea ni umbo la umoja, neno likiwa kiima au yambwa, ambapo n ya mwisho hudondoka. Mbele ya viambishi vinavyoanza na irabu n hiyo hubaki, ila hutamkwa kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma kwa athari ya r iliyotangulia: karmaṇā, "kwa tendo", karmaṇi, "katika tendo". Sauti m iliyo katikati haizuii athari hiyo, kwa kuwa ni ya midomo na huuacha ulimi huru.

Umbo karmaṇi (ambalo mbele ya irabu huwa karmaṇy) ndilo linalofungua ubeti mashuhuri wa Bhagavadgita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, 2.47: karmaṇy evādhikāras te mā phaleṣu kadācana, "haki yako imo katika tendo tu, kamwe si katika matunda." Tendo na matunda vimewekwa katika uhusika uleule wa mahali, yaani umbo la nomino lenye maana ya "katika", ili vitenganishwe waziwazi; kama karma ingekuwa tayari ni malipo, ubeti huu ungekosa maana. Ni kweli kwamba Wahindu, Wabudha na Wajaini walilipanua neno hili lijumuishe athari ya tendo inayomfuata mtu hadi maisha mengine, lakini hata hapo tendo ndilo chanzo.

Matumizi ninayoyapenda zaidi ni ya mwanasarufi Pāṇini, aliyelifanya kuwa istilahi ya sarufi: karma ni kile ambacho mtenda anataka kukifikia kuliko vyote (kanuni yake ya 1.4.49). Katika "Devadatta anapika wali", karma ni wali. Tukisema odanaḥ pacyate devadattena, "wali unapikwa na Devadatta", wali umekuwa kiima, lakini kwa Pāṇini bado ni karma, kwa sababu yeye hutazama uhusiano wa kitu na tendo kabla ya kutazama kiambishi chake.